Saratani ya titi: Tusome kilichoandikwa, tuulize kisichoandikwa



Ndugu wasomaji, miongoni mwa kazi za katibu wa kamati ya msikiti ambazo wengi hawazioni ni kuandika barua za utambulisho kwa wagonjwa wanaopewa rufaa kutoka hapa Tabora kwenda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kabla ya barua kuandikwa, katibu huoneshwa karatasi za hospitali. Wengi wanaozileta hawajui zinasema nini. Wanachojua ni neno moja tu waliloambiwa kwa sauti ya chini: saratani.

Juma hili napenda tuzizungumzie karatasi hizo, hususan za saratani ya titi, ambayo kwa wanawake wa nchi yetu inafuatia saratani ya mlango wa kizazi kwa wingi wa wagonjwa. Ndani ya karatasi hizo mna mambo mawili yanayofanana machoni, ilhali yako mbali kama mashariki na magharibi: jambo lililopimwa likakutwa halipo, na jambo ambalo halikupimwa kabisa. Mwenye kuyachanganya mawili haya anaweza kumkosesha mama yake dawa ya miaka mitano.

Kistari kilichosomwa vibaya

Mama mmoja wa wilaya jirani, ambaye sitamtaja yeye wala hospitali alizopita, alifanyiwa upasuaji wa kuondoa titi. Majibu ya maabara yalipotoka yalikuwa na msimbo C50.9, na chini yake mistari mitatu: ER, PR na HER2. Mbele ya kila mmoja palikuwa na kistari kifupi kilichopigwa kwa kalamu. Kijana wake alikisoma kistari kile kuwa ni alama ya kutoa, yaani hasi. Walipofika kituo cha pili, maelezo yakapokelewa vivyo hivyo: mama hana vipokezi, vidonge havimfai.

Binti yake, anayeuza katika duka la dawa, ndiye aliyeuliza swali jepesi: "Hasi kwa asilimia ngapi?" Jibu halikupatikana, kwa kuwa kipimo chenyewe hakikuwahi kufanyika. Kistari kilimaanisha "haikupimwa". Kipande cha uvimbe kilichokuwa kimehifadhiwa maabara kikatafutwa, kikapimwa, na ER ikatoka chanya. Mama akaanza dawa, lakini miezi kadhaa ilikuwa imekwisha kupita.

Hapa hatutafuti wa kumlaumu. Muuguzi mwenye wagonjwa mia mlangoni hupiga kistari kama sisi sote tupigavyo kistari mahali tusipokuwa na la kuandika. Tunachotafuta ni elimu, ili kistari kama hicho kisimpite mwingine.

Msimbo unasema nini, na hausemi nini

Herufi na tarakimu tunazoziona kwenye karatasi, mfano C50.9, zinatoka katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, unaofahamika kwa kifupi chake ICD. Asili yake ni orodha ya sababu za vifo iliyotayarishwa na Mfaransa Jacques Bertillon na kupokewa katika mkutano wa wanatakwimu mjini Chicago mwaka 1893. Siku hizi msimamizi wake ni Shirika la Afya Duniani (WHO). Toleo la kumi lilipitishwa mwaka 1990, na toleo la kumi na moja lilianza rasmi Januari 2022, ingawa karatasi nyingi bado zina misimbo ya toleo la kumi. Faida yake ni kwamba daktari wa Tabora, wa Muscat na wa London wakiandika msimbo mmoja, wote wanakusudia ugonjwa mmoja.

Kwa uvimbe wa titi, iko misimbo minne ambayo kila familia ingefaa kuitambua. N63 ni uvimbe ambao aina yake haijajulikana. D24 ni uvimbe usio saratani. D05 ni saratani ambayo bado imo mahali ilipoanzia, haijapenya kwenda nje. C50 ni saratani iliyokwisha kupenya. Kwa hiyo anayeiona N63 kwenye karatasi ya mkewe asianze kuomboleza, bali ahimize vipimo viendelee; na anayeiona C50 asikae akisubiri mavuno ya tumbaku ndipo amsafirishe.

Tarakimu inayofuata nukta hueleza mahali. C50.4, kwa mfano, ni sehemu ya juu ya titi upande wa nje, kuelekea kwapani. C50.9 maana yake ni kwamba sehemu haikutajwa. Na hapo ndipo msimbo unapoishia. Umetaja ugonjwa na mahali ulipo, lakini haukutaja kinachoulisha. Wamarekani, katika toleo lao wenyewe la ICD-10, waliongeza misimbo ya kulieleza hilo: Z17.0 kwa saratani yenye vipokezi vya estrojeni, na Z17.1 kwa isiyo navyo. Toleo la WHO la ICD-10 halina misimbo hiyo. Kwa hiyo kwetu sisi habari ya vipokezi haimo ndani ya C50 hata kidogo. Ni lazima iandikwe kwa maneno, pembeni yake. Isipoandikwa, karatasi itaonekana imekamilika ilhali ina pengo.

Vipokezi vya homoni

Homoni ni ujumbe unaosafiri katika damu. Estrojeni na projesteroni ni homoni za kike zinazouamuru mwili katika hedhi, mimba na unyonyeshaji. Ujumbe unahitaji mpokeaji, na ndani ya chembe za titi wamo wapokeaji wa ujumbe huo, ndivyo vipokezi. Baadhi ya saratani za titi huwa na vipokezi hivyo kwa wingi, na kila homoni ipitapo huzihimiza kukua. Saratani hizo huitwa chanya. Nyingine hazina, nazo huitwa hasi.

Elimu hii ina historia ndefu. Mwaka 1896 tabibu George Beatson wa Glasgow alieleza kwamba baadhi ya wanawake wenye saratani ya titi walipata nafuu baada ya kuondolewa ovari, ambazo ndizo chanzo kikuu cha estrojeni. Kwa nini baadhi tu? Jibu lilikawia zaidi ya nusu karne, hadi Elwood Jensen wa Chicago alipobainisha kipokezi cha estrojeni. Wenye vipokezi hunufaika kwa kukatiwa homoni. Wasio navyo hawanufaiki kwa njia hiyo.

Kutokana na maarifa hayo inatumika dawa iitwayo tamoksifeni. Ni kidonge cha kila siku, ambacho hukalia nafasi ya kipokezi ili estrojeni ikifika isikute pa kushika. Kwa kawaida humezwa kwa miaka mitano, na kwa baadhi ya wagonjwa hadi kumi. Imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Haitolewi kwa mjamzito, na ina madhara yake, yakiwemo joto la ghafla mwilini na, kwa nadra, kuganda kwa damu au saratani ya mji wa mimba. Kwa hiyo haimezwi bila usimamizi wa daktari. Kwa kuwa humezwa mara moja kwa siku, mgonjwa aliyeruhusiwa kufunga Ramadhani anaweza kupanga na daktari wake aimeze wakati wa futari au daku, badala ya kuiacha mwezi mzima.

HER2 ni habari nyingine. Si kipokezi cha homoni, bali ni alama juu ya chembe ambayo, ikizidi, huifanya saratani iwe kali, nayo ina dawa yake iitwayo trastuzumabu. Mgonjwa ambaye ER, PR na HER2 zote zimepimwa zikatoka hasi hutegemea zaidi upasuaji, tiba ya kemikali na mionzi. Asikate tamaa, kwani kuwa hasi si kukosa tiba. Ni kuoneshwa tiba nyingine.

Lakini aliyeachwa bila kupimwa hayumo katika kundi hilo. Miongozo ya matibabu kwa nchi zenye uhaba wa vifaa humruhusu daktari kufikiria kutoa tamoksifeni pale hali ya vipokezi isipojulikana. Maana yake ni kwamba neno "haijulikani", likiandikwa waziwazi, huuacha mlango wazi, na neno "hasi", likiandikwa bila kipimo, huufunga.

Tusikubali pia ile kauli isemayo kwamba saratani za titi za Waafrika karibu zote ni hasi, kwa hiyo kupima ni kupoteza fedha. Uchambuzi wa tafiti nyingi za Afrika uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la PLoS Medicine ulionesha kwamba, pale sampuli zilipokusanywa kwa mpango tangu mwanzo wa utafiti, karibu 6 kati ya 10 zilikuwa na vipokezi vya estrojeni. Pale zilipotolewa katika ghala za zamani, kiwango kilishuka kwa takriban asilimia 10. Tofauti hiyo inatufundisha kwamba baadhi ya majibu ya "hasi" huenda yanatokana na namna kipande kilivyotunzwa.

Safari ya kipande cha nyama

Hili lapaswa kueleweka kwa watu wa Tabora kuliko wengine. Mji wetu ulikua kwa sababu ya mizigo. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, kisha ikagawanyika: mmoja akaelekea Ujiji, mwingine Karagwe na Buganda. Miembe ya kale bado inaonesha walipopita. Na historia yetu ina kisa cha ujumbe uliokwama. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipofika Unyanyembe alikuta mizigo ya Dk. Livingstone imekaa, pamoja na mfuko wa barua wenye tarehe 1 Novemba 1870. Jina lilikuwepo na mahali pa kwenda, Ujiji, palitajwa. Lakini hazikumfikia mwenyewe mpaka Stanley alipozibeba, karibu mwaka mzima tangu zitoke Unguja.

Kipande cha uvimbe nacho husafiri, na nacho chaweza kukwama. Kipimo cha vipokezi hufanywa na mtaalamu wa patholojia kwa kupaka rangi maalumu kwenye ukanda mwembamba wa nyama, kisha kuhesabu kwa darubini chembe zilizoshika rangi. Zikifika asilimia 1, jibu ni chanya. Kati ya 1 na 10 huitwa chanya ya kiwango cha chini. Kwa kipimo hicho, utunzaji wa kipande ni nusu ya kazi. Kinatakiwa kutiwa ndani ya fomalini ya asilimia 10 katika muda usiozidi saa moja tangu kikatwe, na kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Kikicheleweshwa nje, huanza kuoza na vipokezi hufifia; kikikaa mno ndani ya dawa, rangi huweza kushindwa kuvionesha.

Wapo ndugu wanaokabidhiwa kopo hilo wao wenyewe walipeleke Mwanza au Dar es Salaam. Wakilifunga ndani ya kanga na kulihifadhi hadi siku ya gulio ndipo wapate nauli, wanadhani wamelitunza. Kumbe saa zinakwenda. Anayekabidhiwa kopo na ajue kwamba amebeba amana: ahakikishe lina jina la mgonjwa, titi la upande gani, na tarehe na saa lilipotiwa dawa, asiongeze maji wala spiriti, aondoke na gari la kwanza, na afikapo aseme saa hizo kwa mdomo wake.

Maswali sita ya kuuliza

Mgonjwa, au ndugu aliyefuatana naye kwa idhini yake, aulize kwa adabu na aandike majibu:

1. Je, uvimbe wangu ni N63, D24, D05 au C50, na uko upande gani?
2. Je, ER, PR na HER2 zimepimwa? Kama hazikupimwa, naomba neno "haikupimwa" liandikwe, si kistari.
3. Kama zimepimwa, ni asilimia ngapi?
4. Kipande kilitiwa fomalini saa ngapi, na kilikaa kwa muda gani?
5. Kipande kilichobaki ndani ya nta kimehifadhiwa maabara gani, kwa namba ipi? Kwa namba hiyo kipimo kinaweza kufanywa baadaye bila kukatwa upya.
6. Kama ugonjwa umerudi, je, vipokezi vitapimwa tena? Kwani hali yake huweza kubadilika.

Maswali haya si ya kumjaribu daktari, na daktari mzuri huyafurahia. Wala si ya wanawake peke yao. Kati ya wagonjwa wa saratani ya titi duniani, asilimia 0.5 hadi 1 ni wanaume, nao huchelewa zaidi kwa kudhani titi si lao.

Wajibu wa familia na wa kamati

WHO inakadiria kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya titi, na 670,000 walifariki. Katika mpango wake wa mwaka 2021, shirika hilo limeweka kipimo kwamba, tangu mgonjwa afike hospitali kwa mara ya kwanza hadi ajue ugonjwa wake kwa hakika, zisipite siku 60. Kwa mama wa Sikonge au Kaliua, siku 60 huliwa upesi. Wiki mbili za kusitiri uvimbe, mwezi wa kumsubiri mume arudi, wiki kadhaa za dawa za mizizi, kisha nauli. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Nasema na wanaume wenzangu. Tunaposema "mke wangu asiguswe na daktari mwanamume", tujue kwamba wanazuoni wamefafanua hukumu hiyo zamani: atafutwe mwanamke, na asipopatikana, dharura ina ruhusa yake kwa kadiri ya haja, na mume au maharimu akiwepo. Sitara haikuwekwa ili iwe sanda. Dua na kisomo tuendelee navyo, lakini visichukue nafasi ya miadi ya hospitali.

Nasema pia na kamati za misikiti na vikundi vya akina mama. Tunapochanga, mara nyingi tunachangia safari ya kwanza na upasuaji, kisha tunaona tumemaliza. Majibu ya vipokezi hutoka baadaye, na yanahitaji mtu ayafuate. Nauli ya pili ndiyo inayokosekana, na majibu hubaki kabatini kama barua zile za Unyanyembe. Tangu siku ya kwanza ya mchango, fungu la safari ya pili litengwe. Pia kamati haina haja ya kujua ugonjwa wa mtu ili imsaidie. Barua ya utambulisho inatosha ikisema "anasafiri kwa matibabu". Siri ya mwili wa mama wa Kiislamu isiwe habari ya kibarazani baada ya Isha.

Kila mgonjwa awe na jalada lake la plastiki, lenye nakala ya kila karatasi kwa mpangilio wa tarehe, na asimwachie mtu nakala ya pekee. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuyashuhudishia. Ikiwa fedha za kukopeshana zimepewa uzito huo wa kuandikwa kwa uadilifu, basi habari ya uhai wa mama ina haki ya kuandikwa kikamilifu, chanya ikawa chanya, hasi ikawa hasi, na kisichopimwa kikaitwa kwa jina lake. Wahenga nao walituachia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, ewe msomaji, ikiwa nyumbani kwako iko karatasi yenye C50, itoe leo uisome. Tafuta herufi ER. Ukikuta kistari mbele yake, usikubali kukisoma peke yako. Kirudishe kwa aliyekiandika, umuulize amekusudia nini.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, na awalipe kheri wanaowauguza. Wabillahi tawfiiq.